Nyama Iliyofungwa kwa Uzi Mweusi

Kijiko kikianguka ndani ya karai la bati, nge! Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo jikoni kwa mtu, moyo hunipasuka. Siku ile kilinitoka mkononi mie mwenyewe, na mbwa aliyekuwa mezani akakakamaa mwili mzima, miguu ikanyooka kama ya stuli, shingo ikapinda nyuma, meno nje.

"Nimesema kimya," daktari alininong'oneza. "Kila sauti inampa degedege jingine. Safari hii kapona."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kufagia na kuosha meza kwenye kliniki ya wanyama ya serikali. Lakini ukiniuliza, nilikuwa nasomea udaktari. Daktari mwenyewe aliniita "daktari mdogo". Alinifundisha kutazama fizi: zikiwa nyekundu kidogo, tulia; zikiwa nyeupe, kimbia. Nikirudi nyumbani Temeke nilikuwaga nawafumbua midomo mbuzi wa jirani nitazame fizi zao, na mama ananiambia, "Endelea tu. Utakosa kidole, halafu ukose na mume."

Juma lile kulikuwa na hofu ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mtaa wa pili alikuwa ameng'atwa. Daktari akanituma Alhamisi nizunguke na balozi wetu wa nyumba kumi nikawaambie watu: leteni mbwa wachanjwe leo, kila aliyechanjwa atafungwa kitambaa chekundu shingoni. Jumamosi watapita watu wa kuua mbwa wasio na mwenyewe. Watawarushia nyama yenye sumu, ila mwenye kitambaa hatarushiwa.

Nilitangaza kwa furaha kama nagawa sukari. Watu nao wakapata la kusema. "Binti, na mie nifunge hicho kitambaa," mmoja aliniambia, "maana mke wangu ananitazama vibaya toka juzi."

Jirani yetu mmoja hakucheka. Alikuwa mzee mchongaji vinyago, mtu wa kusini, asiye na mtu nyumbani ila mbwa wake wa kahawia aliyelala kwenye mabaki ya mpingo. Aliposikia habari za sumu alimfunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Jioni akamleta kliniki, tukamchanja, tukamvisha kitambaa, na bado mzee akawa ameshika kamba.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, baba. Kaniambia daktari mwenyewe. Mwache atembee."

Akamfungua mbele yangu.

Jumamosi asubuhi mzee alifika kliniki na baiskeli, mbwa ndani ya kikapu anatetemeka, kitambaa shingoni kimelowa mate.

Sitamsingizia daktari uvivu. Mguu ulikuwa unarukaruka na bado aliupata mshipa. Akasukuma dawa ya usingizi kidogo kidogo, anasimama, anatazama jicho, anasukuma tena, mpaka mwili ukalegea. Akapitisha mpira mdomoni hadi tumboni, akaosha kwa maji mpaka yakatoka meupe, kisha akamimina mkaa uliosagwa. Mie nilitundika khanga yangu dirishani kuzuia mwanga, nikamziba mbwa masikio kwa pamba. Pumzi zilipofifia aliniambia niweke viganja mbavuni: bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Mzee alikaa kwenye ngazi nje, ameshavua viatu vyake ili asipige kishindo.

Pumzi ziliporudi zenyewe, mzee aliniita kwa kidole. Akanipa kitu kilichofungwa ndani ya gazeti.

"Nilimnyang'anya hiki mdomoni. Alikuwa ameshameza kimoja. Labda kitamsaidia daktari kuijua sumu."

Kilikuwa kipande cha nyama kilichochanwa katikati na kufungwa tena, unga usimwagike. Kilifungwa kwa uzi mweusi unaong'aa, ule wetu wa kushonea vidonda. Fundo mara mbili, ncha zimekatwa fupi na sawa, kama daktari alivyonifundisha. Jumanne aliniambia uzi huo umekwisha, tukamshona paka wa watu kwa uzi mweupe niliouchukua kwenye cherehani ya mama. Kumbe haukwisha.

Niliingia nikamwonyesha daktari. Hakuuliza nimekitoa wapi.

"Umeifunga wewe hii?" nikamuuliza.

"Shusha sauti, mbwa atashtuka."

Nami nikashusha! Nikamuuliza tena kwa kunong'ona, "Umeifunga wewe, daktari?"

"Tulizifunga Alhamisi, ulipokuwa kwa watu wako."

"Ulisema zitarushwa kwa mkono."

"Watu wa kurusha hawatoshi. Zimeachwa njiani na kwenye majalala."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nyama haioni kitambaa, daktari."

"Na kichaa cha mbwa hakioni huruma. Umemwona yule mtoto? Ningekwambia, ungewaambia, na wangewaficha mbwa wote, hata wasiochanjwa." Alikuwa anampapasa mbwa sikio, taratibu. "Wewe una moyo laini, daktari mdogo. Watu wanakuamini. Ndiyo maana nikakutuma wewe."

Afadhali angenitukana. Nilidhani ananifundisha kwa sababu ameona kitu ndani yangu. Kumbe kweli alikiona, na akakitumia.

Mchana mbwa aliinua kichwa. Mzee akaingia pekupeku, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, baba. Umeniachia mwenzangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu. Bila wewe nisingejua pa kukimbilia."

Daktari akasema, "Ndiyo kazi yetu." Mie nikaenda kuitoa khanga yangu dirishani. Mzee sikumwambia ni nani aliyeifunga nyama ile.

Niliaga mapema, nikasingizia kichwa. Nyumbani nilichukua kopo tupu la maziwa na kijiti kilichopasuliwa ncha, nikatoka bila kumwambia mama wala balozi. Nikaifuata njia ya nyuma ya nyumba zetu. Nikaokota kipande kimoja cha nyama kando ya bomba la maji, viwili chini ya mpapai, vingine kwenye jalala, nikichokora huku nimeinama. Mbwa mmoja mwenye watoto alinifuata kwa harufu. Nikamtupia mawe mpaka akakimbia, na toka siku ile sijampiga mnyama tena. Kopo lilipojaa nilichimba shimo nyuma ya choo, mkono ukazama hadi kwapani. Nikamwaga nyama zote, nikafukia, nikaviringisha jiwe juu yake.