Neno Nililowanyamazishia Watoto Siku za Mvua

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie sababu, wala msiisingizie mvua. Nimekaa na jambo hili miaka sasa, na kila bati likianza kulia natamani kuziba masikio.

Mimi ni mshonaji, hapa hapa mtaa wa Jabe, karibu na mpaka wa Kongo. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na watu waliokimbia vita Kongo walikuwa wakiingia mjini kila siku. Mmoja wao, Mama Feza, alipanga chumba uani kwetu. Alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na watoto wawili, Feza wa miaka sita na Bahati wa mitatu. Baba yao hakuvuka.

Mama Feza akapata kazi ya kuuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni, na watoto wakabaki kwangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyejitolea! "Waache, mdogo wangu, watoto si mzigo." Mdomo wangu huu!

Siku za jua walicheza uani. Mvua ikishuka ndipo kazi ilipoanza, na mwanzoni nilijitahidi, Mungu ananiona. Niliwapa vile vigogo vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha, wakavifanya magari. Tulifunga matambara tukapata mwanasesere. Nilitega sufuria chini ya tundu la bati, wakahesabu matone mpaka wakagombana. Bahati alikuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi. Wallahi nyumba ilikuwa na raha!

Kisha Idi ikakaribia. Nguo za watu zikarundikana, na mimi nikaanza kuchukia kelele.

Sasa sikieni ubaya wangu. Siku moja tukichambua mchele, Mama Feza alinieleza walivyonusurika. Aliwafundisha watoto kwamba akisema "Banakuya!", yaani wenye bunduki wanakuja, waingie chini ya kitanda. Wasilie. Wasiitike hata wakiitwa kwa majina, mpaka wamsikie akisema "Bamepita," wamekwisha kupita. Alinieleza huku analia, nami nikalia naye. Wiki haikwisha, nikalitumia neno lake!

Mvua ilikuwa inapiga, watoto wanakimbizana juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Nikasema taratibu tu: "Banakuya."

Astaghfirullah! Walitoweka chini ya kitanda, hata chafya sikusikia. Nikashona gauni zima. Nilipomaliza nikasema "Bamepita," wakatoka, nikawapa andazi kila mmoja. Nikajiambia huo nao ni mchezo. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Jirani alipouliza mbona kwangu kumetulia, nilijisifu kwamba nimepata dawa ya watoto siku za mvua. Dawa!

Ijumaa moja mvua ilipungua kidogo, nikataka kupeleka gauni mtaa wa pili. Nani abaki na watoto? Nikalisema lile neno kama mtu anayefunga kufuli, nikatoka. Mvua ikarudi kwa hasira. Mteja akanikaribisha chai, nami nikanywa, hata kikombe cha pili.

Niliporudi mtaro ulikuwa umefurika, mlango wangu uko wazi, maji ya kifundoni yamejaa chumbani. Niliita, "Feza! Bahati!" Kimya. Nikaona hakuna mtoto anayeweza kukaa ndani ya maji yale, basi wametoka wakachukuliwa na mtaro. Kichwa kiliniruka! Nikapiga ukunga, wanaume wakaja na miti wakawa wanachokoa mtaroni. Nami nazunguka uani naita majina yao, na majina ndiyo waliyokatazwa kuitikia.

Mama Feza akatokea na beseni lake kichwani.

"Dada, ulibaambia nini?"

Nikainama. Hakuuliza tena. Aliingia, akapiga magoti ndani ya maji, akasema, "Bamepita, batoto bangu. Bamepita."

Feza akatoka chini ya kitanda, amempakata mdogo wake, kiganja kimeziba mdomo wa Bahati. Midomo yao inatetemeka kwa baridi. Akasema kwa fahari, mtoto yule, "Mama, mama mukubwa aliita sana. Mi apana kuitika."

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia!

Bahati aliugua kifua, akakohoa masika yote. Alipona, alhamdulillah, lakini kile kicheko cha kwikwi sikukisikia tena. Mama Feza hakunitukana. Siku ya kuhama alisema hivi tu: "Dada, ile neno niliachaka kule ng'ambo. Ni we uliivusha mupaka."

Wakaenda kuishi Ruziba, mtaa wa mbali na kwetu. Mwaka uliofuata niliwafuata, nimewashonea nguo mpya. Wingu lilikuwa limetanda. Watoto walikuwa wanacheza na udongo mlangoni, Feza akaniona. Hakukimbia, hakulia. Alimshika mdogo wake mkono, wakaingia ndani polepole. Nikasimama nje na kifurushi changu, nikawaita kwa majina. Hakuna aliyeitika.

Nyinyi mnaolea, wa kwenu au wa wenzenu, mvua ikinyesha waacheni wapige kelele. Watawachafulia kitambaa, kitambaa kinafuliwa! Wapeni sufuria wapige ngoma, imbeni nao, kazi italala. Wala msichukue hofu ya mtoto mkaigeuza fimbo ya kumtulizia. Leo hii mtoto wako ukimwita na akaitika "Abee," hata kama ameitika kwa kelele za kukuudhi, mshukuru Mungu.