Esnath na Kitalu Namba Saba

Esnath, jirani yangu wa huku nje kidogo ya mji wa Njombe, hakuwahi kumwogopa mume, wala mvua ya mawe, wala mwenyekiti wa kijiji. Aliogopa serikali. Gari lenye namba za serikali likisimama barabarani, anauliza kwanza nani amekufa, halafu nani amekamatwa. Kwa hiyo nilishangaa alipokubali shamba lake la viazi liwe shamba la majaribio.

Mtafiti aliyemfuata aliitwa Silvanus, mpole, anayeongea taratibu kama anapima dawa. Alitueleza kwamba serikali imetoa fedha za utafiti ili tupate mbegu yetu wenyewe, tuache kutegemea ya nje.

"Tunataka kiazi cha Njombe kishindane na cha nchi yoyote," alisema.

Alipima vitalu kumi na viwili, kila kimoja na mbegu yake. Vitatu akaviwekea kibao chekundu, akamwambia Esnath, "Hivi usivipulizie dawa, mama, hata vikifa. Tunataka tuone mbegu ipi inahimili ugonjwa wa ukungu yenyewe."

Esnath akasaini fomu kwa majina yake yote matatu. Jasho lilimtoka mpaka kalamu ikateleza.

Mwezi wa pili ukungu ukashuka. Sasa shamba lile liko kando ya njia ya kwenda kanisani, na kitalu namba saba, chenye kibao chekundu, kiko mbele kabisa. Jumapili watu wote wanapita pale. Huku kwetu mwanamke akiacha viazi vioze mbele za watu, ni sawa na kwenda ibadani na gauni la ndani tu.

Hilda, mzee wa kanisa, alimkuta Esnath pale, akasimama na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akamsalimia. "Kamwene, mama Abel. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi viazi ndivyo vinaumwa, na wewe unavitazama."

"Ni vya serikali hivyo."

"Serikali nayo inapanda viazi ili vife?" Hilda akasema, na waliokuwa nyuma yake wakacheka mpaka kengele ikalia.

Jumatatu asubuhi Esnath akabeba bomba mgongoni, akapulizia namba saba. Hicho tu, cha njiani. Jumatatu ya pili akarudia, na ya tatu. Vile vitalu viwili vya ndani, visivyoonekana na mtu, akaviacha vife kama alivyoambiwa.

Silvanus aliporudi, alikuta viwili vyeusi na kimoja kijani. Alipiga magoti kwenye tope, akapiga picha, akapima majani. "Mama, umeipatia nchi mbegu," alisema. Esnath akaitikia "Ameni," akaingia ndani, akajifungia.

Alikonda. Sokoni haendi, kwaya haimbi. Siku moja alikuja jikoni kwangu, akanisimulia yote, kisha akauliza, "Dada, nitafungwa miaka mingapi?"

"Kuna aliyekuona?"

"Hapana."

"Basi nyamaza." Ndivyo nilivyomshauri, na sijivunii.

Akanyamaza mpaka mwezi wa kumi, ilipokuja barua yenye muhuri. Anatakiwa Makambako, ukumbini, ambako vikundi vya wakulima vingegawiwa magunia ya kwanza ya mbegu ya ile namba saba, iliyozalishwa kituo cha utafiti. Jioni ile ile mdogo wake, Jeni, akapiga simu kutoka Mlangali. Kikundi chake kimo kwenye orodha.

"Mahindi nimeyaacha mwaka huu," Jeni akasema. "Shamba zima nimeliandalia mbegu yako. Na dawa sinunui, si wamesema haihitaji?"

Esnath alikata simu bila kuaga.

Tulikwenda naye Makambako. Kwenye kikapu chake niliona blanketi, sabuni na mswaki.

"Blanketi la nini?" nikamuuliza. "Si tunarudi leo?"

"Wewe ndiye unayerudi."

Ukumbini Silvanus alimwita mbele aseme maneno mawili. Alisimama, akakaza kitenge kiunoni. "Bwana Silvanus, naomba tuongee nje."

"Sema hapa hapa mama, usiogope."

"Namba saba niliipulizia dawa," akasema. "Watu walikuwa wananicheka."

Silvanus akauliza taratibu, "Mara ngapi?"

"Tatu. Jumatatu tatu."

Ofisa mmoja wa meza kuu akainuka. "Mama, unajua hizi ni fedha za umma?"

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Silvanus akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akamgeukia mtunza ghala akamwambia magunia yasitoke, mbegu irudi kituoni ipandwe upya bila dawa. Watu wakaguna. Jeni alipita mbele ya dada yake bila kumtazama. Mlangoni akasema, "Nami nipande nini, vibao vyekundu?"

"Panda mahindi," Esnath akajibu. "Utanilaani, lakini utakula."

Hakuna aliyemshika. Alikaa kwenye ngazi za ukumbi akisubiri polisi mpaka mfagiaji akafunga mlango, na mimi nikamvuta mkono tukapande gari.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa tunapalilia, simu yake ikaita. Alipoona ni Silvanus, akanipa mimi niipokee; nikaiweka sauti ya nje.

"Mama, namba saba imekufa yote hapa kituoni. Ukungu ulipoingia, siku tisa tu. Wangeipanda watu, wangelia."

Esnath aliushika mpini wa jembe kwa mikono miwili. "Kwa hiyo nije lini?"

"Uje wapi, mama?"

"Kujisalimisha."

Silvanus akamwambia aendelee kupalilia, kabla mvua haijazidi.