Somo la Dola

Kisiwa chetu cha Nzwani kilipotangaza kwamba hakimo tena katika nchi moja na visiwa vingine, mimi nilikuwa na mtihani. Naona niseme hivyo mapema, kwa sababu wanaume wa Mutsamudu, mji wetu, wanaposimulia siku zile husimulia bendera, hotuba na bunduki, na mtu angedhani hakuna aliyekuwa na shughuli nyingine.

Mtihani wenyewe ulikuwa bakalorea, ule wa kumaliza sekondari. Kwetu walimu walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu, wakagoma, shule zikafungwa. Mwaka wa aina hiyo tuliuita mwaka mweupe. Hakuna anayefeli katika mwaka mweupe, wala anayefaulu. Baba, ambaye hakuwahi kukalia dawati maishani mwake, aliona hiyo ni njia mbaya ya kupitisha mwaka.

Desturi yetu ni baba kumjengea binti nyumba, na binti akiolewa, mume ndiye anayehamia. Binti asiye na nyumba huolewa pia, lakini watu humtazama sana baba yake msikitini. Nyumba yangu ilikuwa imefika madirishani. Baba akaisimamisha hapo, na kilichobaki akakitumia kunipeleka Moroni, mji mkuu, kwenye kisiwa kingine, nikamalizie masomo. Shangazi zangu wakaja wote kwa pamoja.

"Kaka, huyu utamwoza wapi? Darasani?"

"Akipata bakalorea atajijengea mwenyewe."

Walicheka, kisha wakaona yeye hacheki, wakaaga. Nami nikaelewa hesabu ilivyokaa. Nikishindwa, baba atakuwa ameniacha bila nyumba na bila elimu, na mashahidi wapo.

Moroni nilifikia mtaa wa Magoudjou, kwa mama mdogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mke Mutsamudu na mke mwingine Moroni, jambo ambalo enzi zake lilikuwa ndoa tu, halikuwa siasa. Mama mdogo alizaliwa na mke wa Moroni, kwa hiyo alikuwa mtu wa Moroni, nyumba yake, neno lake. Alinipokea kwa chakula kizuri na maneno makali, na vyote viwili havikupungua hata siku moja.

Shuleni walinicheka kidogo kwa lafudhi yangu, wakachoka. Darasani tulizungumza Kifaransa, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nacho nyumbani, basi tukawa sawa. Mwalimu wa jiografia aliendelea kutuchorea visiwa vinne kama kawaida yake. Kimoja kilikuwa kwa Wafaransa, kingine kimejitoa juzi, naye akavipaka vyote chaki ya kijani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tumelelewa vizuri.

Mwalimu wa falsafa alikuwa mtu wa Mutsamudu, kama mimi. Sura ya mwisho ya mwaka ilikuwa Dola: dola ni nini, imepata wapi haki ya kuamuru, na kwa nini mtu aitii. Alikuwa katikati ya sura hiyo wakati mazungumzo ya wakubwa kuhusu visiwa yalipovunjika. Vijana wakaanza kuzunguka mitaa ya Moroni wakiwataka watu wa Nzwani warudi kwao, na maduka kadhaa ya watu wetu yakabomolewa milango. Mwalimu akapanda chombo akaondoka. Sura ikabaki nusu, na mtihani ulikuwa unakaribia.

Mimi nilijifungia ndani. Mama mdogo aliuambia mtaa kwamba nina tetekuwanga. Mtaa ulikubali, jirani mmoja akatuletea uji. Sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nilisoma. Ile sura ya Dola niliimaliza peke yangu kitabuni, na nasema bila aibu kwamba niliielewa.

Siku moja baada ya alasiri ikapigwa hodi. Walikuwa wavulana wa darasa langu, mbele yao kiongozi wa darasa, shati lake limepigwa pasi. Walivua viatu mlangoni.

"Kwezi, mama," wakamwamkia mama mdogo, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

"Mbona," akaitika, kwa sababu salamu haikataliwi.

Kiongozi wa darasa akaeleza kwamba vijana wa mtaa wamekwisha jua nipo, na kwamba wao, kama wenzangu, wameona bora wanifikishe bandarini wenyewe, kwa heshima, kabla hawajaja wasio na heshima. Alijieleza vizuri. Alikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

"Ana tetekuwanga," mama mdogo akasema.

"Tumesikia, mama. Mungu amponye. Chombo kinaondoka leo."

"Na mtihani wake?"

Wote wakatazama mkeka. Kiongozi wa darasa akakohoa, akanigeukia mimi.

"Dada, tuna ombi moja. Ile sura ya Dola haikumalizwa, na huenda ikatoka. Tusomeshe, kwa radhi ya fundi."

Hapo alinishika pabaya. Fundi ni mwalimu wa Kurani, na kwetu, kisiwa chochote uzaliwe, mtoto hupita kwa fundi kabla ya kupita kwa Mfaransa. Sheria ya chuo cha fundi ni moja kila mahali: aliye nyuma ni amana ya aliyevuka sura. Mwenzako akikuambia nisomeshe, kwa radhi ya fundi, unamsomesha, hata kama asubuhi ile amekuibia kiatu. Anayeficha elimu atavishwa hatamu ya moto. Tuliambiwa hivyo tukiwa wadogo sana, na kiboko kilikuwa karibu.

Nilikasirika. Nilitaka kuwaambia watoke, nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu kwa kile kitabu. Kisha nikakaa chini nikafungua ukurasa. Nao wakakaa, miguu wameikunja kama tulivyofundishwa, kalamu mkononi. Mama mdogo aliwaletea chai isiyo na sukari, na sukari ilikuwepo.

Niliwasomesha vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilianzia pale mwalimu alipoishia, nikatoa mifano, nikarudia penye ugumu. Mmoja wao, aliyekuwa hasemi kabisa darasani, akauliza kama dola inaweza kumfukuza raia wake. Nikajibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba dola isiyomlinda raia imejiondolea sababu ya kutiiwa. Akaandika. Akaniomba nirudie polepole, nikarudia.

Walipomaliza wakashukuru, wakalibeba begi langu. Mama mdogo aliandamana nasi hadi bandarini, akiwaambia njia nzima kwamba shukrani ya punda ni mateke. Walimjibu, "Ndiyo, mama." Nilipokuwa naingia chomboni kiongozi wa darasa aliniuliza kama anaweza kuanza insha kwa swali. Nikamwambia anaweza.

Mutsamudu hapakuwa na mtihani mwaka ule. Shangazi walikuja kunipa pole, wakaaga mapema. Baba alikula nami. Alinisogezea chakula.

Matokeo yalisomwa redioni kutoka Moroni, majina ya waliofaulu, mmoja baada ya mwingine. Tulikaa mkeka mmoja, mimi na baba, redio katikati yetu. Kiongozi wa darasa alikuwemo. Yule asiyesema darasani alikuwemo. Karibu wote waliokunywa ile chai walikuwemo, na baba, ambaye hakuwajua, alitikisa kichwa kwa kila jina kama anayewapongeza. Herufi yangu ilifika, akasogea karibu. Ikapita. Aliendelea kusikiliza mpaka jina la mwisho, mpaka msomaji alipoaga na muziki ukaanza.

Alijua kwamba sikufanya mtihani. Yeye ndiye aliyekuja kunipokea bandarini.

Akaizima redio.

"Labda jina lako wameliruka," akasema.

"Labda, baba," nikamjibu.