Adabu Ndiyo Iliyoniponza

Sikuhadithiwa mimi, yamenikuta mwenyewe, hapahapa Maskati, Hamriya, kwenye chumba nilichopanga juu ya duka la fundi cherehani. Asiyetaka kuamini asiamini, wallahi wameshanichosha.

Nimeachika, nna mtoto mmoja wa miaka mitano, Salha. Kazi za maofisi ya kule mbali Qurum zinataka gari, na mimi gari sina. Na mtoto nimwachie nani? Nilichojaaliwa ni sauti. Tangu chuoni, nikisoma Kurani watu hunyamaza. Basi nikaona kwenye simu darasa la kusoma hadithi: unajifunza mtandaoni, unarekodi nyumbani, unauza. Nikajiandikisha kwa jina langu la pasi ya kusafiria.

Shoga, nilihangaika! AC inanguruma, hairekodiki kitu, nikaizima. Nikajifungia ndani ya kabati la nguo na mablanketi, mwezi wa saba huo, kilele cha joto la huku, jasho mpaka visiginoni. Jirani yangu Bi Zuwena akanicheka: "Mwenzangu, umejifukia kama nyama ya shuwa ndani ya shimo la moto!" Nikamwambia ngoja uone, nitakula kwa jasho hilihili.

Mwalimu hatukuwahi kumwona uso. Tulisikia sauti tu, ya mwanamke, kavu, imekwaruza. Kila siku alitusomesha kurasa mbili tatu, akasema wangu ndio usomaji anaoutaka. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi?

Siku ya nane, saa saba mchana, jua la utosi, njia nzima haina mtu, akaanza kuita majina. Ikafika zamu yangu. Hakuniita jina la pasi. Aliniita jina la nyumbani.

Jina hilo alinipa marehemu bibi yangu, kule Unguja, kwa sababu ndugu zangu watatu walionitangulia walikufa wachanga. Ni jina la kitu cha kutupa jaani, ili mabaya yasinitamani. Sitolitaja hapa. Walikuwa wakilijua bibi na mama tu, na wote wawili wameshazikwa.

Na bibi alinifunza: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka akuite mara ya tatu. Mwanaadamu atakuita tena. Wale wengine huita mara moja tu. Sasa mbona niliitika? Adabu! Tumelelewa mkubwa akikuita unaitika papo hapo, ukichelewa unakula kofi. Mdomo ukanitangulia.

"Abee!"

Nikasikia anacheka. Halafu akasema, "Ahsante, mwanangu." Kwa sauti yangu! Niaminini, sauti yangu mwenyewe, na kithembe changu kidogo kilekile. Simu ikazima. Nikataka kupiga kelele, "Wewe nani?" Kilichonitoka ni mkwaruzo wake yeye.

Daktari kaniangalia koo, kasema ni zima. Watu wananambia, ah, kompyuta siku hizi zinaiga sauti. Haya, zinaiga. Lakini kitu kikiigwa, mwenyewe hunyang'anywa? Na jina la bibi yangu kompyuta ilikwenda kulichimbua wapi?

Sasa sauti yangu inauzwa. Kila wiki nnaisikia kwenye hadithi ambazo sijapata kuzisoma, watu wanaisifu, mwengine anavuna. Nna chuki, siwafichi, nna chuki mpaka chakula hakipiti. Darasa lenyewe nimelitafuta, halipo tena.

Lakini linalonikata maini ni Salha. Halali bila ya kuisikiliza hiyo sauti. Anaibusu simu, anaiita mama. Juzi nikamkalia kitandani, nikamwambia, mwanangu, mama ni miye. Akaziba masikio.

"Nyamaza wewe bibi, mama anasoma."

Jifunzeni huko mtandaoni, sikukatazeni, riziki inatafutwa. Ila akikuita usiyemwona uso, hata awe mwalimu wako, kaa kimya. Bora uambiwe huna adabu. Miye nilikuwa nayo.