Mkono Uliochagua Wimbi

Kabla yangu, hakuna mtu wa kwetu mlimani Manga aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi na diploma ya uganga. Mimi nilirudi nayo, pamoja na viatu jozi mbili na bomba la sindano langu mwenyewe. Pale hospitalini Kisii nilidunga watu asubuhi hadi jioni, nao walisema mkono wangu hausikiki. Sijisifu, walisema wenyewe.

Ugonjwa ulianza kwa ganzi ya vidole vya miguu. Siku ya tatu magoti yalikataa, siku ya tano mikono. Daktari Mzungu niliyemsaidia alisema mishipa yangu ya fahamu imeharibika, akautaja ugonjwa kwa jina refu la Kifaransa. Nililijua. Lilitoka kwenye mtihani wangu na nililipata. Alisema hakuna dawa ila kungoja: wengi husimama tena, lakini si kila mkono hurudi ulivyokuwa. Kazi yangu angeniwekea mpaka mavuno ya wimbi. Baada ya hapo angetafuta mtu anayeweza kushika sindano.

Wanaume wanne walinibeba kwa machela hadi nyumbani. Niliwasimamisha mara mbili, kwa sababu walikuwa wakinipandisha mlima miguu ikitangulia, kichwa kikiwa chini.

Ndipo likaja swali la nani ataniosha. Kwetu Wagusii, mwanamume aliyetahiriwa haonwi mwili na wazazi wake, hata akiwa mahututi. Mke sikuwa nimeoa, na ndugu zangu walikuwa wameajiriwa kwenye mashamba ya walowezi huko Nyansiongo. Akabaki nyanya yangu, mzaa baba. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna aibu, na mila inamruhusu kumtania kama mume. Siku ya kwanza alinivua nguo zote, akanikagua taratibu.

"Mume wangu," alisema, "hiyo diploma walikuwekea wapi? Huku siioni."

Mama alileta chakula hadi mlangoni, uso ukiwa nje, akamuuliza nyanya ninavyoendelea. Nilikuwa nimelala hatua mbili kutoka kwake.

Kidole kimoja kiliposogea, nyanya alinipa mahindi niyahamishe punje moja moja kutoka chungu hiki hadi kile. Kisha maharagwe. Kisha akaniwekea mapajani ungo wa wimbi nitoe changarawe. Nilimweleza kwamba uganga una mazoezi yake ya vidole, na kwamba mimi niliyasomea. Alikubali, akausogeza ungo karibu. Wimbi nililochagua lilisagwa peke yake, nikapikiwa ugali wangu. Jiwe nililoliacha ni mimi niliyelitafuna. Jino moja lilivunjika. Baadaye nilianza kudunga ndizi mbivu kwa maji. Hakuna ndizi iliyolalamika.

Wimbi lilipovunwa niliteremka Kisii kwa fimbo, nyanya akinifuata. Daktari alitaka kuniona nikidunga mtu. Wagonjwa kwenye foleni waliutazama mkono wangu unavyotetemeka. Wa kwanza alisema amepona. Wa pili akaenda nyuma ya wa tatu, na wa tatu akakumbuka ng'ombe wake. Daktari akatazama saa.

Nyanya alikuwa na kidonda mguuni alichonificha msimu mzima akiniuguza. Alimwonyesha daktari, naye akasema kweli kinahitaji sindano. Basi nyanya akapanda benchini, akapandisha shuka, akaigeukia foleni.

"Mimi nimemwona mwili wote," aliwaambia. "Leo ni zamu yake."

Nilivuta dawa. Mkono ulitetemeka mpaka sindano ilipoukaribia mwili wake, kisha ukatulia kama ulivyozoea kutulia juu ya ungo. Nikadunga.

"Nimesikia," nyanya alisema kwa Kigusii, akijisugua. "Nimesikia mpaka kwenye meno."

Daktari aliniuliza mgonjwa amesema nini, maana lugha yetu hakuijua. Nilimtafsiria kwamba hakusikia chochote. Akaandika hivyo kwenye daftari, akaniambia nianze kazi kesho.

Kidonda kilihitaji sindano nyingine kadhaa. Nyanya alipanda na kushuka mlima kila mara, akakataa kudungwa na mtu mwingine yeyote, na zote alizisikia.