Fomu ya Udiwani ya Mamangu

Fomu ile niliijaza mimi. Mamangu alikuwa ameteuliwa diwani katika baraza la mji, miaka ile ya tisini, baada ya kuwaongoza wanawake wa mtaa wetu wa Mji wa Kale kudai mitaro izibuliwe. Palipoulizwa kama mteuliwa anajua kusoma na kuandika Kiswahili, niliandika ndiyo bila hata kuinua kichwa. Si kila Ijumaa alikuwa akimwandikia barua dadake wa Lamu? Sikufikiri kwamba barua zile zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Herufi za kizungu hakuzijua.

Kulikuwa na mzee wa mtaa wa pili aliyesoma na mamangu chuo hichohicho. Kiti alikitaka kiende kwa mpwawe, akaenda mahakamani kudai kwamba mamangu hana sifa za udiwani kwa kuwa hajui kusoma. Wakili wetu alinieleza kwa upole kwamba hakimu huenda akampa mamangu karatasi asome. Akishindwa, kiti kitakwenda, na aliyeijaza fomu anaweza kushtakiwa kwa kudanganya. Aliyeijaza fomu ni mimi, nami nilikuwa nimekaa mbele yake, natafuna kucha.

Tulikuwa na wiki tatu. Nilikuwa karani kwenye ghala moja la Shimanzi, na nikitoka kazini nilikimbilia nyumbani kumnakilia kwa herufi kubwa za kizungu sheria ndogo za baraza, nilizodhani ndizo hakimu atakazompa asome. Mamangu alizisoma kabla ya magharibi, kidole juu ya karatasi. Siku hizo nilikula kidogo na kugomba sana. Yeye alikuwa akiendelea vizuri, vizuri mno, nami ningalipaswa kujiuliza mapema. Siku moja nilimpa ukurasa wa pili kwa makosa. Aliweka kidole akanisomea ukurasa wa kwanza wote, bila kukosea hata neno.

Nilimwambia kwamba huko si kusoma, ni kuhifadhi, na kwamba atatutia sote wawili matatani. Hakukasirika.

"Si ndivyo tulivyosomeshwa chuoni?" akasema. "Kwanza ni kuhifadhi. Herufi zaja baadaye."

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mahakamani hakimu hakutaka kurasa zetu. Alimpa gazeti la siku ile. Mamangu alilitazama, kisha akalirudisha kwa mikono miwili.

"Hili siwezi, mheshimiwa," alisema. "Nipani kalamu."

Aliandika mstari mmoja, taratibu, kuanzia kulia. Hakimu, mtu wa bara, aliigeuzageuza karatasi akauliza ni lugha gani. Kiswahili, mamangu akajibu. Mkalimani wa mahakama hakuweza kuisoma, wala mawakili wa pande zote mbili. Mimi niliacha chuo mapema kwa ajili ya skuli, na naona haya kuliandika hili, lakini niliambulia neno moja tu. Hakimu akauliza kama kuna yeyote mle ndani awezaye kuisoma. Alikuwamo mmoja, na ndiye aliyetushtaki.

Nilijua atanyamaza. Alichohitaji ni kukaa kimya tu, na sisi tumekwisha. Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kisha akasimama, akaomba apewe ile karatasi, akatoa miwani.

"Fomu aliijaza mwanangu," akasoma bila kukwama, "wala hakusema uongo."

Hakimu akamuuliza kama ndivyo ilivyoandikwa kweli. "Ndivyo," mzee akasema, "na ni Kiswahili, na hati yake ni nzuri kuliko yangu." Akaikunja miwani bila kumtazama mtu. Nilijifunika uso kwa buibui nikalia, mtu mzima, mbele za watu.