Ufa Nilioufunika kwa Rangi

Admin, ujumbe huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nautuma, ila jina langu naomba ubaki nalo wewe. Mji wetu huu watu tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, fundi pikipiki hapa Mwanza, upande wa Igoma. Nina mke na binti mmoja. Miaka yote nimeishi kwa bodaboda: kubadili cheni, kuziba pancha, kufungua injini. Lakini ndoto yangu ilikuwa kuchukua pikipiki ya zamani iliyotupwa na kuiunda upya kwa mtindo wangu, ikipita watu wageuke. Niliunda moja ya kwangu, watu wakaipenda, wakapiga picha wee, wakaondoka. Hakuna aliyesema nitengenezee na mimi.

Mpaka akaja mzee mmoja wa Mkuyuni. Mhaya, mstaafu, aliwahi kuwa bwana shamba kule Kagera. Stoo kwake kulikuwa na pikipiki aliyokuwa akizungukia mashamba ya kahawa enzi hizo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Fundi, sitaki irudi kama zamani. Nataka pikipiki ambayo mke wangu atakubali kupanda. Ujana wetu wote aliikataa, eti inamchafua." Tukacheka wote wawili. Huyo ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kazi ile.

Ilichukua miezi minne. Nilirefusha fremu kwa nyuma, nikatengeneza siti ndefu ya ngozi ya watu wawili, tanki nikalipiga rangi ya damu ya mzee mpaka unajiona uso. Kila Jumamosi alikuja, anakaa juu ya tairi, ananisimulia habari za Kagera. Baba yangu sikuwahi kumjua. Niseme ukweli, nilianza kuzisubiri Jumamosi zile.

Siku moja kabla ya kumkabidhi, nikiwa nafunga usukani, nikaona ufa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Mwembamba kama unywele. Dawa yake nilikuwa naijua: kushusha injini, kukata, kuweka chuma ndani, kuchomelea upya. Rangi yote ingeungua. Na kesho yake walikuwa wanaadhimisha ndoa yao, mama, mke wake, ameshashonesha gauni. Nikachomelea juu juu, nikapiga puti, nikapaka rangi. Nikajiambia baada ya wiki mbili nitamwita niifanye vizuri. Ndugu zangu, sikumwita. Wiki mbili zilipofika, picha za pikipiki ile zilikuwa zimeniletea wateja, nilikuwa sishikiki.

Mama alipanda kweli. Namwona mpaka leo, kakaa upande, kamshika mzee kiunoni, anasema, "Taratibu wewe, mimi si gunia la kahawa!" Watu wakapiga makofi.

Wiki ya tano mzee alikuwa peke yake, anaelekea Misungwi kumsalimia rafiki yake. Ng'ombe alikatisha barabara, mzee akaanguka. Hivyo ndivyo kila mtu anavyosema. Na ng'ombe alikuwepo kweli; mwenye ng'ombe, baba mmoja Msukuma, alikiri palepale.

Nilimkuta hospitali bado anaongea. Mama alikuwa ametoka kufuata maji ya kunywa. Mzee akanishika mkono, akasema polepole, "Fundi, usukani ulitetemeka. Kabla ya ng'ombe. Ulitetemeka, nikashindwa kuugeuza." Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mteja anayemweleza fundi tatizo ili alirekebishe. Kesho yake mchana akafariki.

Msibani mama akaniuliza, "Mwanangu, alikwambia nini?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Alisema nikwambie asante kwa kupanda." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Tangu siku hiyo kila mgeni akifika anasimuliwa, na nikiwepo mama ananigeukia: "Si ndivyo alivyosema?" Naitikia ndiyo.

Pikipiki waliileta kwangu nihifadhi. Siku tatu niliogopa kuifunua. Nilipoifunua, shingo ilikuwa imekatika palepale nilipochomelea. Ilikatika kwa sababu alianguka, au alianguka kwa sababu ilikatika? Nimeiangalia juani, nimeiangalia kwa tochi, sijapata jibu. Siku hizi bodaboda akija akasema "fundi, inatetemeka," spana inanidondoka. Mke wangu anadhani nina presha.

Nilidhani nitazoea. Lakini mtoto mkubwa wa marehemu amemfungulia kesi mwenye ng'ombe. Wiki iliyopita yule baba alitoka Misungwi akanifuata karakana, kofia mkononi. "Fundi, wewe ni mtu wao wa karibu. Niombee msamaha. Ng'ombe wangu ameua mzee wa watu, hata chakula hakipiti." Nilimpa kiti, nikashindwa kumtazama. Nikamwambia nitaongea nao. Akanishukuru mpaka nikatamani anitukane.

Na jana huyo mtoto wa marehemu kanipigia. Anataka nisimame mahakamani nieleze kwamba pikipiki ilikuwa nzima. "Wewe ni ndugu yetu, fundi. Neno lako linatosha." Mama akachukua simu, akasema nisiende na njaa, nipitie kwake kwanza ninywe chai.

Kesi ni Jumatatu. Nikisema ukweli, huenda nikafungwa, na mama atajua kwamba hata yale maneno anayojifariji nayo ni ya kwangu. Nikinyamaza, yule baba atabeba mzigo ambao huenda si wake. Mke wangu sijamwambia, ninyi ndio wa kwanza kusikia. Mkitaka kunitukana nitukaneni, lakini mkimaliza mniambie: nikishakunywa chai ya yule mama, nikaingia mahakamani, niseme nini?